“Hakuna” iliyofika ikiwa “kuna”

Masika moja, kabla lami haijafika barabara ya Pangani, pikapu ya shamba moja la mkonge ilitangulia kutoka upande wa Kigombe kuja Tanga mjini. Nyuma yake lilikuwa linakuja lori la singa, zile nyuzi za mkonge, limepakia mzigo wa bandarini. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kabla ya kufika Tongoni, dereva wa pikapu akakuta kalavati limefunikwa na maji, barabara haijulikani inapoanzia wala inapoishia. Akarudi kinyumenyume, akakata njia ya ndani ya shamba, na huku mkono mmoja uko kwenye usukani akachukua maiki ya redio, akamwambia mwenzake: “Hakuna njia huku.”

Mwenzake akasikia: “Kuna njia huku.” Akajibu, “Nakupata, asante,” akakanyaga mafuta.

Magurudumu ya mbele yalizama magharibi ikiingia. Dereva na utingo wake walilala juu ya mzigo, chini ya turubai, hadi trekta lilipokuja kuwavuta asubuhi. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Ila singa za chini zililowa, injini ilinywa maji, na madereva wawili waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kusemezana. Mmoja anaapa alisema “hakuna”. Mwingine anaapa alisikia “kuna”. Bosi wao akaona lazima mmoja ni mwongo, kazi ikabaki kujua ni yupi.

Mimi ni fundi wa redio za magari, hizi tunazoziita redio koli na ambazo wazee wetu waliziita redio za upepo. Kibanda changu kipo Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Wateja wangu ni malori ya kokoto na chokaa, mashamba ya mkonge, magari ya doria, wakandarasi, na siku hizi magari yanayokwenda na kurudi Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda. Wapo wanaoniuliza kama simu za mkononi hazijaua kazi hii. Hazijaiua. Simu inampigia mtu mmoja, tena pale penye mtandao. Redio unabonyeza mara moja, magari yote ya msafara yanasikia kwa pamoja. Ndiyo maana ikikosea, inawakosea wote kwa pamoja.

Pikapu ililetwa kwangu siku chache baada ya tukio. Dereva, kijana wa Muheza, aliniamkia, “Shikamoo, fundi,” kisha akabaki mlangoni haingii. Nikamwambia arudi garini, akae kama anavyokaa akiwa njiani, ashike maiki kwa mkono uleule na aseme maneno yaleyale, mara 10. Mimi nikabaki mezani na redio nyingine, nimeweka simu yangu inarekodi mbele ya spika.

Mara 4 nilisikia “hakuna njia huku”. Mara 6 nilisikia “kuna njia huku”. Na kilichonitisha ni kwamba hiyo “kuna” ilikuwa safi kabisa, haina mkwaruzo, haina kukatika. Laiti ingekuja na kelele, yule wa lori angeuliza tena. Ilikuja nzima, kama neno lililokusudiwa.

Nikaifungua maiki. Ina skrubu ndogo mgongoni, na ukiitenganisha magamba yake mawili unakuta ubao mdogo, kapsuli ya sauti, ile inayogeuza sauti kuwa umeme, ya ukubwa wa kifungo cha shati, na pembeni swichi ya kubonyezea: vijibati viwili vya shaba vinavyotakiwa kugusana kidole kikishuka. Vya maiki hii vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, ule unaouona kwenye bomba la shaba lililokaa karibu na bahari. Nikaweka mita. Swichi nzima ikibonyezwa inasoma karibu na sifuri. Hii ukiibonyeza kawaida mita inarukaruka, mara mamia ya omu, mara hakuna kitu. Ukikaza kidole hadi ukucha unageuka mweupe ndipo inatulia. Kwa hiyo kidole kilikuwa kinashuka, mdomo unafunguka, na redio bado haijaambiwa irushe. “Ha” ilikuwa inaishia mle mle ndani ya gari. Kidole kikishakaza, “kuna njia huku” inapanda hewani.

Na hata swichi ikiwa mpya, kuna kuchelewa kwingine kusikoepukika. Redio nyingi za msafara hufungwa toni ya chini, inayochujwa isisikike kwenye spika, ambayo redio ya upande wa pili huingoja kabla ya kufungua spika yake. Kama mnapitia ripita mlimani, mashine inayopokea sauti na kuirusha upya mbali zaidi, nayo huchukua muda wake kuamka. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini silabi moja ya Kiswahili cha haraka haimalizi hata robo ya sekunde.

Hapa ndipo ninapotaka mafundi wenzangu wanisikilize. Sisi tunakanushia mwanzoni mwa neno. Kata herufi mbili za mbele uone kinachobaki. Hakuna, kuna. Hayupo, yupo. Hatuna dizeli, tuna dizeli. Hawamo, wamo. Hazipo, zipo. Kilichobaki ni neno kamili, sarufi yake sahihi, na maana yake imepinduka. Ukikata mkia wa neno, msikilizaji anajua kuna kitu kimepotea. “Niko Mabo…” anajua unataka kusema Mabokweni. Ukikata kichwa, hajui chochote. Maiki inayomeza nukta ya kwanza ya sauti, kwa lugha yetu, inageuza la kuwa ndiyo, na ripoti ya hatari inafika kama ruhusa.

Kwa sababu hiyo niliacha kujaribu maiki kwa “haloo, haloo, moja, mbili, tatu”. Wote tunafanya hivyo, na mimi nilifanya miaka mingi. Lakini msikilizaji anajua “moja” inakuja. Hata ukimpa “…ja, mbili, tatu” sikio lake linajaza pengo lenyewe. Siku hizi namkalisha mtu mezani asiyejua nitasema nini, mimi naenda garini na orodha iliyochanganywa: hakuna, kuna, yupo, hayupo, tuna, hatuna. Naye anaandika anachosikia. Tukilinganisha karatasi zetu mbili na neno moja likitofautiana, gari haliondoki.

Kosa la swichi ndilo la hatari kuliko yote, kwangu mimi, lakini si ndilo linaloletwa mara nyingi. Linaloletwa sana ni waya. Ule waya wa kujikunja kama springi unavutwa kila siku, unabanwa na mlango, unazungushwa kwenye gia. Nyuzi zake ni nyembamba, na hukatikia sehemu mbili: pale unapoingia kwenye maiki au pale unapoingia kwenye plagi. Dalili yake ni sauti inayokuja na kwenda gari likitikisika. Usianze kwa kufungua. Mwambie mtu asikilize kwenye redio ya pili, wewe ongea mfululizo huku ukipinda waya kidogo kidogo kutoka ncha hadi ncha. Pale sauti inaporuka ndipo palipokatika. Kisha hakikisha kwa mita, uzi mmoja baada ya mwingine, waya ukiwa umepindwa vilevile, kwa sababu ukiunyoosha nyuzi zinagusana tena na mita itakwambia mambo ni mazuri. Kama umekatikia karibu na ncha, kata kipande, menya upya, chomelea kwa risasi. Kama umekatikia katikati, nunua mwingine. Kiungo cha katikati ya springi hakidumu.

Ikiwa taa nyekundu inawaka unapobonyeza na wenzako wanaona redio zao zimefunguka lakini hawasikii neno, basi swichi ni nzima na sauti ndiyo haifiki. Maiki nyingi za magari siku hizi ni za elektreti, ubunifu wa mwaka 1962 wa Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell, Marekani. Kapsuli yake haifanyi kazi bila volti chache zinazotoka kwenye redio yenyewe. Pima volti hizo kwenye miguu ya kapsuli. Zipo na sauti hakuna, kapsuli imekufa. Hazipo, rudi kwenye waya, plagi na redio. Maiki za zamani za koili na sumaku hazihitaji volti hizo, ndiyo maana huwezi kuhamisha kapsuli ya huku kwenda kule ukategemea itaongea.

Na kabla ya kutangaza kifo cha kapsuli, tazama tundu lake. Sauti inaingia kwa kitundu kidogo, pengine kimoja tu, milimita 2 hivi. Gari la chokaa linakuja na kitundu hicho kimezibwa kama vile kimepigwa lipu. Magari ya mashambani yanakuja na nyuzinyuzi za mkonge zimejisokota mlemle. Brashi laini ya mswaki na spiriti kidogo, na mtu aliyekuja na hela ya maiki mpya anarudi nayo nyumbani. Nasema brashi. Nimeshapokea kapsuli nyingi zilizotobolewa utando wake kwa sindano na mwenye gari aliyedhani anasaidia.

Jambo la maiki ya kuazima linanikera. Plagi za redio nyingi zinafanana, zile za pini 8 kama za waya wa kompyuta, na mtu akiona imeingia anadhani inafaa. Mpangilio wa pini unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, na wakati mwingine kati ya toleo na toleo la kampuni moja. Pini ya redio hii inayobeba volti inaweza kukutana na pini ya ardhi, yaani ya hasi, ya maiki ile. Kubadilishana maiki ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujua kosa liko kwenye maiki au kwenye redio, nami naitumia kila siku, lakini kwa maiki ya redio ya aina ileile.

Halafu kuna makosa yanayosingiziwa maiki. La kwanza ni mluzi. Wenzako wanasikia sauti yako imefuatana na mlio mwembamba, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Hiyo ni altaneta, mashine inayochaji betri ya gari. Zima injini, ongea tena. Mlio ukitoweka, acha maiki, fuata nyaya za umeme. Mara nyingi utakuta redio imechukua umeme kwenye waya wa taa au wa muziki, na ardhi imefungwa kwenye skrubu ya deshibodi yenye rangi. Toa waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri, kwangua bodi hadi chuma kionekane pale unapofunga ardhi. Malori ya volti 24 yanataka konveta ya kushusha hadi 12. Usiibie umeme kwenye betri moja kati ya mbili; moja itachoka, nyingine itajaa kupita kiasi, na zote zitakufa kabla ya wakati.

La pili ni mawimbi ya redio yenyewe kurudi kwenye maiki. Unabonyeza, sauti inatoka imevunjika au inapiga kelele, lakini ukipunguza nguvu ya kurusha inatakata. Hapo kosa si maiki, ni antena: kitako chake kimelegea, kimeingia maji ya chumvi, au waya wake umebanwa na mlango. Rekebisha antena na maiki itapona bila kuguswa. Na unapojaribu usirushe bila antena au mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu ya redio badala ya antena; utaunguza sehemu ya redio inayorusha kwa ajili ya kosa la maiki.

Kulabu nayo ina neno lake. Kwenye redio nyingi kile kibati unachotundikia maiki kimeunganishwa na ardhi, na maiki ikitundikwa redio inajua. Ukiifunga kulabu kwenye plastiki bila waya wa ardhi, redio hizo zinadhani maiki iko mkononi muda wote, zinafungua masikio kwa kila anayetumia chaneli ileile. Dereva anakuja kulalamika kwamba redio yake “inaokota watu”. Waya mmoja mfupi unamaliza.

Nisiache swichi iliyonata. Siku moja chaneli nzima ya mteja wangu ilikufa mchana. Redio zote zilikuwa zimefunguka, hakuna anayeweza kuingia, na kinachosikika ni muungurumo wa injini. Aliyenata mwenyewe hawezi kujua, kwa maana redio inayorusha haisikii. Tulikaa ofisini kwao tunasikiliza tukijaribu kujua ni gari gani. Injini ikazimwa. Vikaja vishindo vya chuma juu ya chuma, sauti za watu wengi, mtu ananadi korosho, kisha mlio wa maji. Mzee mmoja wa hesabu pale ofisini akasema, “Hicho ni kivuko cha Pangani, wanashusha mlango.” Gari moja tu lilikuwa na safari ya kuvuka mto siku ile. Tukampigia dereva simu. Maiki ilikuwa imeangukia kati ya kiti na breki ya mkono. Tangu siku hiyo kila redio ninayoifunga naipangia ikate yenyewe baada ya sekunde 60 za kurusha mfululizo. Dakika nzima inamtosha mwenye la maana.

Adui wetu mkubwa Tanga ni bahari tunayoipenda. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya magari, vioo vikiwa wazi. Maiki za Lushoto kule milimani nazifungua baada ya miaka mingi nakuta shaba bado inang'aa. Za hapa chini mwaka mmoja tu zimeshaota kijani. Nawaambia wateja walete maiki kabla ya masika na baada ya kusi. Spiriti kavu isiyo na maji, kitambaa kisichoacha nyuzi, swichi mpya kama mita inarukaruka. Swichi ni kitu cha bei ndogo, na mimi huwa siipigi msasa ile ya zamani. Msasa unatoa kijani lakini unatoa na ngozi ya juu ya kibati pia, kutu ikirudi inarudi kwa haraka zaidi.

Nusu nyingine ya kazi iko kwa mwenye kubonyeza. Nawaomba madereva wabonyeze, wavute pumzi moja, ndipo waseme. Waanze kwa kumwita mwenzao, “Lori, lori,” ili kama kuna cha kumezwa limezwe jina na si habari. Maiki iwe vidole vitatu kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili pumzi isipige tunduni. Wasipaze sauti: redio hizi zina kizuizi cha ndani, ukipiga kelele haiendi mbali zaidi, inasagika tu. Na habari mbaya waipe neno lisilotegemea kichwa chake. “Njia imekatika” ikipoteza mwanzo bado inabaki “imekatika”. “Mgonjwa bado” ni salama kuliko “hajafika”. Aliyepokea arudie alichosikia, kwa maneno yaleyale, kabla ya kukanyaga mafuta. “Nakupata” peke yake haisemi umepata nini.

Yale mazungumzo niliyorekodi nilimchezea bosi wao kibandani kwangu, na dereva wa lori akiwepo. Bosi alisikiliza mara mbili, akavua kofia, akakaa kwenye ndoo ya rangi niliyonayo pale badala ya kiti. Wa lori hakusema kitu. Aliiomba simu, akaisogeza sikioni, akasikiliza zote 10 tangu mwanzo.

Nilikuwa nimeshaweka swichi mpya. Kijana wa Muheza akaenda garini bila kuambiwa. Tukamwona kupitia kioo akibonyeza, akitulia, kisha midomo ikicheza. Spika ya mezani ikasema: “Lori, lori. Hakuna njia huku.”

Yule wa lori akachukua maiki ya mezani. Akabonyeza, akavuta pumzi.

“Nimekupata, ndugu yangu,” akasema. “Hakuna njia.”